Parabola Ianzie Kwenye Mhimili

Mwaka 1638, mjini Leiden, Uholanzi, kilichapishwa kitabu cha mwisho cha Galileo Galilei, kile cha sayansi mbili mpya. Mwandishi alikuwa kizuizini nyumbani kwake, karibu na Florence. Ndani yake alithibitisha kwamba kitu kinachorushwa, ukiacha ukinzani wa hewa, hupita njia ya parabola. Hoja yake yafaa kurudiwa na kila mwalimu wa aljebra.

Gololi ikibingirika mezani na kupita ukingo, kwenda mbele mwendo wake haubadiliki: kila kipande cha muda husogea umbali uleule. Kwenda chini huongeza kasi. Katika vipande vya muda vilivyo sawa hushuka 1, halafu 3, halafu 5, halafu 7. Ukijumlisha unapata 1, 4, 9, 16. Hatua mbili mbele, kushuka mara nne. Hatua tatu, mara tisa. Parabola yote imo humo.

Madarasani kwetu mwanafunzi akipewa y = 2x² − 12x + 10 hukimbilia jedwali. Anaanza na −3, anapata 64, namba isiyoenea kwenye karatasi ya grafu. Jedwali likiishia 3, hawezi hata kujua kwamba hapo ndipo mchoro unapogeuka.

Aanze na mhimili wa ulinganifu. Aiweke 10 kando kwanza, kwa maana hiyo hupandisha mchoro mzima tu, haiusogezi kulia wala kushoto. Kinachobaki ni 2x(x − 6), nacho ni sifuri x ikiwa 0 na x ikiwa 6. Nukta hizo mbili ziko kimo kimoja, kwa hiyo mhimili unapita katikati yake: x = 3. Kanuni ya −b/2a, ambayo wengi huikariri bila kuonyeshwa ilikotoka, ni hiyohiyo: ni katikati ya 0 na −b/a.

Weka 3 kwenye mlinganyo, upate −8. Ncha ni (3, −8). Namba iliyo mbele ya x² ni chanya, basi mchoro unafunguka juu, na −8 ndiyo thamani ndogo kuliko zote.

Sasa hesabu ya Galileo inafanya kazi. Kutoka kwenye ncha, hatua ya kwanza kulia panda 2 × 1, ya pili 2 × 3, ya tatu 2 × 5. Unafika −6, kisha 0, kisha 10. Fanya vivyo hivyo kushoto. Majibu yamejitokeza yenyewe: mchoro unakata mhimili wa x hatua mbili kila upande wa 3, yaani kwenye 1 na 5. Kama ncha ingekuwa kwenye −6, hatua zingekuwa kipeuo cha pili cha 3 kila upande. Kama ingekuwa juu ya mhimili wa x, mchoro usingeufikia kamwe, na mwanafunzi angeona kwa macho yake kwa nini mlinganyo hauna jibu katika namba halisi.

Walimu wenzangu, jedwali tulibakize kwa kuhakiki. Mhimili utangulie, ncha ifuate, kisha hatua za 1, 3, 5.