Fundi, Zege na Maji

Zege likishamwagwa na fundi akaosha mwiko wake, mwenye nyumba huhesabu kazi imekwisha. Mimi huanza kumtazama fundi hapo hapo. Katika mji kama Dar es Salaam, wenye jua la kuchoma na masika ya kuanzia Machi hadi Mei, ubingwa wa mtu huyu unaonekana zaidi katika yale anayoyafanya zege likishashika. Kuchanganya na kumwaga ni nguvu za vijana wengi. Kulitunza kunataka mtu anayezijua tabia za maji.

Saruji haigandi kwa kukauka. Inashikana kwa kuungana na maji, na jua la saa nane mchana likiyanyonya mapema, uso wa sakafu hubaki dhaifu, unatoa vumbi kila ukifagiliwa na kujaa nyufa nyembamba. Ndiyo maana fundi wa kweli hudai siku 7 za kumwagilia. Hufunika uwanja kwa magunia yaliyolowa, kisha hurudi asubuhi na jioni, akayafunua pembeni na kuweka kiganja chini yake kuhakikisha pangali na unyevu. Katika mitaa ambako maji hununuliwa kwa ndoo, dai hilo huzua ugomvi. Fundi asiyelegeza kamba hapo namheshimu kuliko yule anayejua kung'arisha tu.

Baadaye yule yule aliyeyapigania maji huanza kuyafukuza. Zege lina vitundu visivyoonekana kwa macho, na mvua hupenya humo. Karibu na bahari, unyevu huja na chumvi. Chumvi ikifika kwenye nondo, nondo hupata kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo. Hapo zege hupasuliwa kutoka ndani. Roshani nyingi za pwani zimekuwa zikimeguka hivyo, nondo zikiwa nje, wenye nyumba wakizipaka rangi kila sikukuu.

Dawa ya kuzuia maji, hata hivyo, si mwanzo wa kazi. Mwanzo ni mteremko wa sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea mfereji na kuukimbia msingi wa nyumba. Kisha mikato: kwenye sakafu ya unene wa sentimita 10, kila baada ya mita 2.5 hadi 3, ili zege likitaka kupasuka lipasukie pale fundi alipoamua. Halafu linakuja fagio la chelewa, nami hapa hupenda kusimama nitazame. Maji ya juu yakishapotea na zege bado ni laini, fundi hulivuta fagio toka ukingo mmoja hadi wa pili bila kusita, mkono mwepesi, kila mvuto ukigusa ule uliotangulia. Inabaki mistari myembamba inayoshika nyayo. Uwanja wa nje uliopigwa niru ukateleza unapendeza Januari. Ikifika Aprili, ukungu wa kijani umeota na wazee wa nyumba wanapita wameshika ukuta.

Dawa husubiri siku 28. Uwanja husuguliwa kwa brashi ngumu na sabuni, penye ukungu hupakwa maji ya klorini, kisha husuuzwa na kuachwa ukauke. Fundi makini haamini macho yake. Hubandika kipande cha nailoni kwa tepu pande zote nne, akakiacha usiku kucha. Asubuhi akikuta matone chini yake, anafunga kopo na kusubiri. Kazi yenyewe huifanya mapema, sakafu ikiwa bado na ubaridi wa usiku, maana juu ya zege la moto dawa hukauka ikiwa na mapovu.

Ziko dawa za akriliki zinazotanda juu na kung'aa, na ziko za saileni na siloksani zinazozama ndani bila kuacha alama. Kwa mvua na joto letu, nasimama na zile zinazozama. Zinazuia maji kuingia huku zikiuacha mvuke utoke. Utando wa juu ukifungia unyevu, hugeuka mweupe na kubambuka. Mafundi wa Mji Mkongwe Zanzibar wanalijua jambo hilo kwa njia yao: ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hupumua, na ukishapigwa lipu ya saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta ukaanza kumomonyoka.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, fundi mwenye wivu na kazi yake hupita tena na kikombe cha maji. Hunyunyiza kidogo, akachuchumaa. Yakikaa juu kwa matone, huaga na kuondoka. Yakizama na kuacha doa jeusi, kazi hupangwa Julai au Agosti, wakati wa kipupwe, jua likiwa limepoa na mvua ziko mbali. Si Machi, mawingu yameshatanda na kila mwenye uwanja anamtafuta fundi.