Moshi Usioonekana: Uhakiki wa Istilahi za Ekzosi ya Gari

Miongoni mwa kazi zinazoletwa kwetu kukaguliwa kabla ya kupigwa chapa, iko tafsiri moja ya mwongozo wa ufundi ambayo tumeona inafaa kujadiliwa mbele ya wasomaji wa jarida hili. Mwongozo huo unaeleza namna ya kung'oa ekzosi kuukuu ya Land Rover ya Series III na kufunga mpya. Gari hilo lilitengenezwa Solihull, Uingereza, kuanzia 1971 hadi 1985, na pengine msomaji atauliza lina haja gani ya istilahi leo. Jibu letu ni kwamba magari hayo yangalipo, na hayo yangalipo yamezeeka. Kiungo cha kwanza kuliwa na kutu katika gari lililozeeka huwa ekzosi. Aidha, gari hilo lafaa sana kufundishia, kwa sababu mwanafunzi akilala chini yake huona viungo karibu vyote bila kufunua kitu.

Hatumtaji mtafsiri wala waliomtuma kazi. Sentensi zake ni fupi, upatanisho wake wa kisarufi hauna dosari, na hakuingiza neno la Kiingereza hata mahali pamoja. Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya, kwa kuwa ndiyo iliyozaa makosa yake makubwa.

Jina moja kwa vitu vinne

Kwanza tueleze kitu chenyewe. Gesi zilizokwisha kuungua hutoka katika silinda nne za injini kupitia valvu za kutolea, zikaingia katika manifodi, yaani kiungo chenye matawi kilichotengenezwa kwa chuma cha kusubu. Kutoka hapo hushuka katika bomba la mbele, ambalo limeungwa na manifodi kwa studi tatu na nati zake. Kisha hupita bomba la kati, zikaingia katika sailensa, na hatimaye hutokea nyuma ya gari kwa bomba la mkiani. Mabomba hayo yameshikwa kwa vibano, na kuning'inizwa chini ya chasisi kwa mipira.

Mtafsiri ameyaita karibu yote haya "bomba la moshi". Manifodi ni bomba la moshi. Bomba la mbele, la kati na la mkiani ni bomba la moshi pia. Matokeo yake ni agizo linalomtaka fundi aunge bomba la moshi na bomba la moshi, kisha akague bomba la moshi. Mwandishi wa awali alitumia majina manne tofauti, na kila jina lina nambari yake katika orodha ya vipuri. Istilahi isiyotenganisha vitu ambavyo dukani vinauzwa mbalimbali haijafanya kazi ya istilahi, hata ikiwa kila neno lililomo ni la Kiswahili safi.

Wako waliopendekeza "dohani" badala ya bomba la moshi. Ni neno zuri, na watu wa pwani wamelizoea kwa meli na viwanda. Lakini dohani husimama juu na kupeleka moshi angani, na kazi hiyo inalitosha. Kulishusha chini ya gari ni kuwapa wasomaji picha isiyokuwapo.

Kizibo, koleo na parafujo

Kati ya bomba la mbele na manifodi huwekwa gasketi, ili gesi isipenye pembeni mwa kiungio. Mtafsiri ameliepuka neno gasketi, akaandika "kizibo". Tulichukua nakala ya tafsiri hadi gereji moja ya mtaani, tukamwomba fundi mkuu ampe mwanafunzi wake asome kwa sauti huku akifuata maagizo. Kijana alipofika penye kizibo alisita, akauliza: "Mzee, tunaziba wapi?" Mzee akacheka, akamjibu: "Ukiziba hapo, mwanangu, gari haiwaki."

Jibu hilo ni uhakiki tosha. Kizibo huziba tundu la chupa. Gasketi haizibi tundu, bali hukaa ukingoni mwake na kuacha njia wazi. Tunajua vema utaratibu unaofuatwa katika kuunda istilahi: kutafuta kwanza ndani ya Kiswahili na lahaja zake, kisha katika lugha nyingine za Kibantu, na baadaye kukopa kwingineko. Utaratibu huo ulitupatia bunge na ikulu, nasi tunautetea. Hata hivyo kutafuta nyumbani si kuchukua lolote lililo karibu. Neno la nyumbani likiwa tayari na mwenyewe, halifai kunyang'anywa.

Kosa la namna hiyo hiyo liko katika "koleo", alilolitumia kwa kibano cha bomba. Koleo ni chombo cha fundi, nacho hurudi katika sanduku kazi ikiisha. Kibano hubaki katika gari. Hapa Kiswahili kilikuwa na neno linalofaa, wala hapakuwa na haja ya kukopa.

La kuleta hasara zaidi ni "parafujo", lililotumika kwa bolti, nati na studi pamoja. Studi ni bolti isiyo na kichwa: upande mmoja umezama katika manifodi, upande wa pili hupokea nati. Katika gari la zamani moto na kutu huziunganisha studi na nati zikawa kama kitu kimoja. Fundi mwenye busara hupiga brashi ya waya, hutia mafuta ya kupenya kutu, husubiri, ndipo akaifungua nati polepole, akiiacha studi mahali pake. Mwongozo wa awali unasema nati. Tafsiri inaagiza zifunguliwe parafujo tatu. Mwanafunzi mtiifu ataishika studi yenyewe, aizungushe, na ikatike ndani ya manifodi. Hapo kazi ya asubuhi moja hugeuka kuwa ya siku mbili, maana kipande kilichobaki hutobolewa kwa drili na kukatwa hesi upya.

Kuhusu vitenzi, mtafsiri ametumia "kaza" kila mahali. Utaratibu sahihi wa kufunga ekzosi ni kuunganisha mabomba yote kwanza bila kuyabana, kuyaweka sawa ili yasigongane na chasisi wala ekseli, kisha kuyabana moja moja kuanzia mbele kwenda nyuma. Kiswahili kinaitenganisha hatua hizi bila taabu: kufunga ni kutia nati mahali pake, kukaza ni kuibana mpaka mwisho. Anayekaza kila kibano anapokifikia atafika nyuma akiwa na bomba lililopinda upande, na mipira ya kuning'iniza ikivutwa. Injini hutikisika juu ya mipira yake, na bomba lisilo na nafasi ya kutikisika nayo hupasuka. Tofauti hii mtafsiri angeipata bila kukopa herufi moja.

Kinyamazishi

Neno alilojivunia zaidi, tukipima kwa mara alizolirudia, ni "kinyamazishi". Kwa umbo halina kasoro. Limejengwa kama maneno mengi ya ngeli hiyo. Kasoro yake ni kwamba limeufuata Uingereza hadi ndani ya kosa lake. Chombo hicho hakinyamazishi. Ndani yake mna vyumba na vibomba vyenye matundu. Mapigo ya gesi hupita humo yakagongana, yakatawanyika na kupungua nguvu, na kinachotoka ni mngurumo hafifu. Wamarekani hawakiiti kwa neno la kunyamaza, bali kwa neno la kufifiza. Ikiwa ni lazima kukieleza kwa Kiswahili, "kipunguza sauti" kingesema kweli, nacho kingekaa vizuri kando ya kipaza sauti, neno ambalo umma umelipokea.

Hata hivyo tunaona jina la kiungo libaki sailensa, na "kipunguza sauti" kitumike katika maelezo ya maana yake. Mwongozo wa ufundi humwongoza mtu hadi dukani. Anayeomba sailensa katika duka la vipuri ataulizwa ya gari gani. Anayeomba kinyamazishi ataulizwa ana maana gani.

Moshi na gesi

Yote tuliyosema hadi sasa yahusu muda, fedha na vyuma. Lililobaki lahusu uhai.

Tafsiri nzima inaita kile kinachotoka katika injini "moshi". Baada ya kazi kwisha, fundi anaagizwa awashe injini na ahakikishe kwamba hapana moshi unaovuja. Mwanafunzi wetu alisoma, akainama, akatazama viungio, akasema hapana moshi. Alikuwa amesema kweli, na alikuwa hajakagua chochote.

Moshi ni kitu kinachoonekana. Mafundi hulitumia neno hili kwa usahihi mkubwa: moshi mweusi huwaambia kwamba mafuta yanayoingia ni mengi kupita kiasi, wa buluu kwamba oili inaungua, mweupe usiokoma kwamba huenda maji yanaingia katika silinda. Kwao injini nzima ni ile isiyotoa moshi. Lakini injini hiyo nzima inatoa gesi wakati wote, na ndani yake imo kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikana na himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Mwenye kuivuta huanza kuumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, husinzia, na asipotolewa hufa. Injini za petroli za zamani, zisizo na chombo cha kusafisha gesi, huitoa kwa wingi.

Katika Land Rover ya aina hii sakafu ni mabati yaliyofungwa kwa skrubu, na baada ya miaka mingi hayakai barabara mahali pake. Gesi ikivuja katika kiungio cha bomba la mbele, njia ya kuingia miguuni mwa dereva iko wazi. Bomba la mkiani likikatika kabla ya kufika nyuma, gesi huweza kuingia kwa mlango wa nyuma, hali abiria wamefunga madirisha kwa baridi ya usiku na wamelala. Hao ndio wanaolipia neno "moshi" katika mwongozo.

Ukaguzi unaofaa hauhitaji macho peke yake. Injini huwashwa ikiwa baridi, gari likiwa mahali pa wazi, kamwe si ndani ya banda lililofungwa. Fundi husikiliza mlio wa kupuliza penye viungio, huweka kiganja karibu bila kugusa, na baada ya siku chache hutazama kama pana alama za masizi. Maagizo haya hayawezi kuandikwa vizuri na mtu aliyekwisha amua kwamba kinachotafutwa ni moshi.

Wenzetu wengine wamependekeza "hewa chafu". Hatuliungi mkono, kwa kuwa laweza kumaanisha hewa yoyote iliyoharibika, ya chumbani au ya mjini. "Gesi taka" lina nguvu zaidi, kwani linafuata mfano wa maji taka. Lakini laenea hata kwa viwanda. Tungependa lishike maana hiyo pana, na kwa gari tuseme "gesi ya ekzosi". Hatukatazi mtu kusema moshi wa gari katika mazungumzo au ushairi. Tunasema kwamba katika mwongozo, cheti cha ukaguzi au somo la darasani, moshi uwe ule unaoonekana tu.

Mapendekezo

Tunatoa orodha hii ijadiliwe:

Ekzosi: mfumo mzima wa kutolea gesi, kutoka manifodi hadi bomba la mkiani.
Gesi ya ekzosi: gesi itokayo katika injini baada ya mafuta kuungua, ionekane isionekane.
Moshi: sehemu ya gesi hiyo inayoonekana kwa macho.
Manifodi ya kutolea: kiungo chenye matawi kinachopokea gesi kutoka silinda.
Bomba la mbele, la kati, la mkiani: kwa kufuata mahali pake katika gari.
Sailensa: chombo cha kupunguza sauti ya gesi inayotoka.
Gasketi: bapa la kuzuia mvujo katika kiungio, lenye tundu la kupitishia.
Studi: bolti isiyo na kichwa, iliyozamishwa upande mmoja.
Kibano: kifungo cha kushikia mabomba mawili yaliyoingiliana.
Mpira wa kuning'iniza: kiungo cha mpira kinachoshikilia bomba chini ya chasisi.

Msomaji ataona kwamba baadhi ya maneno haya ni ya kukopa na baadhi ni yetu. Hatukuyachagua kwa asili yake, bali kwa kuuliza kama fundi, muuza vipuri na mkaguzi watakuwa wanataja kitu kimoja.

Kwa hiyo tumeirudisha tafsiri kwa mwenyewe pamoja na maelezo haya, na tumeshauri jambo moja zaidi: kwamba kila mwongozo wa ufundi usomwe kwa sauti katika karakana, mbele ya mtu mwenye spana mkononi, kabla haujatiwa muhuri. Walimu wa shule za ufundi na maofisa wa karakana za serikali wenye maneno bora kuliko haya, au wanaotumia mengine katika sehemu zao, wanaombwa watuandikie ili orodha isahihishwe kabla ya kupitishwa.