Jirani Machoni pa Dola: Bobali, Malindi na Msomaji wa Kocholia

Maandishi ya kale ya Wachina kuhusu Afrika Mashariki yamezoeleka kusomwa kama ghala la ushahidi: nani alifika wapi, lini, na kwa bidhaa gani. Makala haya yanayachukulia kuwa matini za fasihi, zenye msimulizi, hadhira na itikadi. Swali la msingi ni hili: dola inapomsimulia jirani, humsimulia nani hasa?

Mfano wa kwanza ni Youyang zazu, mkusanyo wa Duan Chengshi (aliyefariki 863) wa enzi ya Tang. Duan alikuwa afisa wa serikali, katika utawala ambamo umahiri wa maandishi ulikuwa ngazi ya kupandia cheo. Hakufika Afrika. Hata hivyo, anaieleza nchi ya Bobali, ambayo wataalamu wengi huihusisha na pwani ya Wasomali. Watu wake, asema, hawajui nafaka, hawana nguo ila ngozi kiunoni. Huchoma mshipa wa ng'ombe, wakakinga damu na kuinywa pamoja na maziwa. Tena tangu kale hawajatawaliwa na nchi ya kigeni.

Msomaji wa Kocholia, mpakani mwa Kenya na Uganda, haoni ajabu katika damu na maziwa. Desturi hiyo anaijua kwa Waturkana na Wakaramoja, jamaa za Wateso kwa lugha. Kinachomsimamisha ni mbinu ya usimulizi: jirani anachorwa kwa yale anayoyakosa, na kipimo cha ukosefu huo ni mji mkuu wa msimulizi. Lakini kauli ya mwisho inaivunja mbinu hiyo. Kukosa mtawala wa kigeni si upungufu, ni uhuru. Matini inakiri jambo ambalo itikadi yake haina mahali pa kuliweka.

Mfano wa pili ni twiga aliyepelekwa kutoka Malindi hadi kwa mfalme Yongle mwaka 1415. Yongle alikuwa amemnyang'anya mpwawe kiti mwaka 1402, na uhalali wake ulihitaji kutetewa. Twiga wa Bengal wa mwaka 1414 alikwisha kuitwa qilin, mnyama wa visakale anayetokea zama za mtawala mwadilifu, na washairi wa ikulu wakamtungia sifa. Wa Malindi alipokelewa kwa jicho hilohilo: akawa ndege njema ya mfalme. Malindi yenyewe, pamoja na haja zake za biashara na siasa, haikupewa sauti.

Yumkini mhakiki mwingine atapinga kwamba hukumu hii ni kali mno. Fei Xin, aliyesafiri na misafara ya Zheng He, aliandika juu ya nyumba za mawe za Mogadishu. Ni kweli, matini hizi zina maarifa. Lakini maarifa na sauti ni vitu viwili.

Tofauti hiyo ina uzito Kocholia. Mwaka 1902 Jimbo la Mashariki la Uganda lilihamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki, na Wateso wakajikuta pande mbili za mpaka. Utawala wa kikoloni nao uliwasoma kwa ukosefu: watu wasio na machifu, hivyo wa kuletewa machifu. Utafiti wa Ivan Karp juu ya Wateso wa Kenya, uliochapishwa mwaka 1978, unadhihirisha jamii iliyojipanga kwa ukoo na ujirani. Utaratibu ulikuwapo, dola haikuwa na msamiati wa kuuona.

Kwa hiyo, kuzitaja matini hizi kama ushahidi wa urafiki mkongwe wa China na Afrika, kama inavyofanywa mara nyingi, ni kurudia usomaji wa ikulu: twiga anafanywa ndege njema kwa mara ya pili. Uhakiki unaofaa utazisoma sambamba na masimulizi ya koo, na kuuliza katika kila sentensi jirani angejibu nini. Pale pasipo na jibu, ukimya huo nao ni sehemu ya matini, na yafaa uhakikiwe.