Pumzi Hurudi Kabla ya Kano

Mkimbiaji wa Kenya Faith Kipyegon alijifungua binti yake, Alyn, mwezi Juni 2018. Tarehe 30 Juni 2019 alishinda mita 1500 kwa 3:59.04 katika mashindano ya Prefontaine, ambayo mwaka huo yalifanyika Stanford, Marekani. Oktoba, mjini Doha, alipata medali ya fedha ya dunia kwa 3:54.22. Hiyo ilikuwa rekodi mpya ya Kenya, na ile aliyoivunja, 3:56.41 ya mwaka 2016, ilikuwa yake mwenyewe.

Mashabiki walisifu kasi. Kwangu mimi kinachostahili kuchunguzwa ni ule mwaka mmoja kati ya leba na mstari wa kuanzia, ambao hatukumwona kwenye mbio kubwa. Madaktari humshauri mwanamke mwenye uzito wa kawaida aongeze kilo 11 hadi 16 hivi katika ujauzito. Bingwa wa Olimpiki kama yeye, anayebeba ongezeko kama hilo, ana kila sababu ya kuharakisha kurudi: mkataba, msimu, wapinzani. Hata hivyo mashindano yalisubiri mwili.

Kusubiri huko kuna maana kwa sababu mwili haurudi wote kwa mwendo mmoja. Ukianza mazoezi, majimaji ya damu huongezeka ndani ya siku chache, moyo ukasukuma zaidi kwa kila pigo. Baada ya wiki chache mlima uliokuwa ukikutoa jasho unaupanda huku ukizungumza. Misuli iliyowahi kufanya kazi hurejea upesi kuliko misuli inayojifunza upya. Kano na mifupa ni habari nyingine. Kano hupata damu kidogo, na kuimarika kwake huhesabiwa kwa miezi. Kwa hiyo, kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu, mtu ana pumzi ya mwanamichezo na kano za mtu aliyekaa ofisini. Hapo ndipo anajiona mwepesi, anaongeza kasi, na asubuhi inayofuata anashuka kitandani akichechemea.

Uzito unazidisha tatizo. Kila hatua ya kukimbia huushindilia mguu kwa nguvu ya mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 90 anaubebesha mguu mmoja kama kilo 180 au zaidi, mamia ya mara kwa kila kilomita. Anayetembea hakanyagi kwa mshindo huo, kwa sababu daima ana mguu mmoja chini. Ndiyo maana kutembea haraka kwa wiki kadhaa, kisha kuchanganya dakika chache za kukimbia, si mazoezi ya wazee kama vijana wa Goma wanavyodhani.

Najua kuzungumzia unene kule Bunagana, mji wa Kongo mpakani na Uganda ulioshikwa na waasi wa M23 tarehe 13 Juni 2022 na ambao wakaaji wake wengi wamejua ukimbizi, kunaweza kuonekana kejeli. Lakini dereva wa lori anayengoja karatasi za forodha, na wakala anayezishughulikia, hukaa kitako siku nzima, na tumbo halijali siasa.

Kwao hesabu ni hii. Kukimbia kilomita moja hutumia takribani kalori moja kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 80 akikimbia kilomita tano anatumia kama 400. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kalori 7,700 hivi, yaani mbio kama hizo 19. Chupa kubwa ya bia, ya sentilita 72, ina karibu kalori 300. Sahani ndiyo inayopunguza mafuta kwa haraka zaidi: fufu ipungue, maharagwe, mboga za lengalenga na sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, viongezwe. Mazoezi yana kazi yao, ya kulinda misuli na moyo wakati kilo zinashuka. Nusu kilo kwa wiki inatosha. Anayejinyima ili apoteze tatu hupoteza na misuli, yaani kile ambacho mazoezi yalipaswa kukilinda.

Milima ya huko husaidia, ukijua namna ya kuitumia. Kupanda hukuchosha lakini hakukutikisi sana, kwani unatua kwa upole. Kuteremka ndiko kunakoumiza: mshindo unapanda, paja linafanya kazi ya breki huku likivutwa, na kesho yake ngazi zinakuwa adhabu. Wengi hufanya kinyume, wanapanda wakitembea na kushuka wakikimbia kwa sababu kushuka ni rahisi kwa pumzi. Miezi mitatu ya kwanza, kimbia ukipanda na ushuke kwa miguu, polepole, hata kama watoto wa barabarani wanakupita wakicheka.