Umeme wa Pili

Kwa miaka mingi barabara za kuingia Beni na Butembo zimekuwa za hofu, na ndege ndogo ndizo zilizoleta madaktari na dawa hadi Mavivi na Rughenda. Wakati wa Ebola, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, kazi hiyo iliongezeka. Cessna Caravan, yenye injini moja, ni miongoni mwa ndege hizo. Abiria huitazama injini hiyo na kumwomba Mungu. Mimi nausifu ufundi asiouona: ule unaozifanya geji za rubani ziendelee kusema kweli umeme unapokatika.

Huku kwetu mawingu hujikusanya upande wa Ruwenzori, na rubani akiingia humo masikio humdanganya: ndege imelala upande, naye anahisi imenyooka. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kiliwajaribu marubani 20 wasiozoea kurusha kwa geji pekee. Kwa wastani ndege iliwashinda ndani ya sekunde 178.

Wabunifu wa ndege za zamani walilitafutia tatizo hilo dawa. Geji inayoonyesha mlalo wa mabawa waliizungusha kwa pampu ya hewa. Ile ya kugeuka wakaipa umeme, ili moja ikifa isife na mwenzake. Mfanyabiashara wa Butembo anaielewa hesabu hiyo: jenereta mbili zinazokunywa dumu moja la mafuta ni sawa na moja. Caravan ina jenereta ya ampea 200, na pembeni altaneta ya akiba ya ampea 75 inayozungushwa kwa mkanda. Voltaji ikishuka, altaneta inaingia kazini yenyewe.

Lakini mkanda huchakaa, na batri huzeeka kimyakimya. Hapo ndipo fundi anapostahili heshima yake. Huitoa batri, huifyonza umeme kwa kipimo maalumu huku akitazama saa, na ikishindwa kufika kiwango cha kiwanda huikataa, hata kama asubuhi hiyo iliwasha injini bila kusita. Kuikataa batri inayowasha injini, mbele ya mwenye ndege anayehesabu dola, kunahitaji moyo.

Siku hizi geji nyingi zimekuwa skrini. Kwenye Cessna 172 yenye Garmin G1000, batri ya akiba imekusudiwa kuzihudumia kwa dakika 30 hivi. Hazitoshi kutoka Goma hadi Beni kwa ndege hiyo. Zinatosha kutoka mawinguni na kutafuta kiwanja, basi rubani asizitumie kubahatisha safari.

Katika ndege za pampu, geji inayokufa haisimami ghafla. Huinama polepole, na jicho huifuata. Kwa hiyo marubani makini huweka kipande cha karatasi karibu, na geji ikianza kupingana na wenzake huifunika mara moja, kisha huendelea na zile zisizotegemea pampu.