Picha Elfu Tatu na Herufi Mbili

Wahakiki wetu huhakiki riwaya, diwani, filamu, siku hizi hata gengetone. Sijaona aliyehakiki Lightroom. Na bado mimi, pamoja na vijana wengi ninaowajua kuanzia Embu mjini hadi Maua, tunaisoma programu hii kwa saa nyingi kuliko tunavyosoma kitabu chochote. Niliacha chuo kikuu nikiwa mwaka wa pili, na tangu hapo ninaishi kwa vibarua viwili: kuandika, na kuwachujia wapiga picha picha zao. Hicho cha pili ndicho hulipa kodi ya nyumba. Mpiga picha anarudi Jumapili usiku kutoka ruracio Runyenjes au harusi Nkubu, ananipa diski, nami ninakaa chini kuskroli. Picha elfu tatu, wakati mwingine elfu nne, na wenye sherehe wameahidiwa mia nne.

Kwa hivyo acha niihakiki jinsi ninavyohakiki riwaya, maana ina mtindo, ina msimamo, na ina watu inaowapenda na wengine isiowaona.

Nianze na uzuri wake. Ukibonyeza G unapata gridi: vijipicha vilivyopangwa safu kwa safu, kushoto kwenda kulia, juu kwenda chini, kama maandishi. Ukivipanga kwa kufuata saa ambayo kila picha ilipigwa, basi una simulizi mbele yako. Wazee wanajadiliana pembeni, mbuzi wanashushwa kwenye pikapu, sala, chakula, mvua. Ukiteremka kwa kasi unaona mambo ambayo hakuna picha moja inayoyaonyesha: jinsi kivuli cha hema kinavyohama, jinsi shangazi mmoja anavyokuwa karibu na sufuria tangu asubuhi hadi jioni bila kuketi, jinsi bibi harusi anavyoacha kutabasamu mwendo wa saa nane na kuanza tena saa tisa. Huwezi kuyapata haya kwenye albamu. Yako kwenye gridi peke yake, kabla mtu hajachagua chochote. (Wapiga picha wakiwa wawili na saa za kamera zao hazilingani, simulizi inavurugika: bibi harusi anatoka kanisani kabla hajaingia. Ni rahisi kurekebisha, lakini mimi huiacha hivyo dakika chache kwanza. Inachekesha.)

Laptopu yangu ni ya mitumba, kwa hivyo ninapoteremka kwanza naona miraba ya kijivu, kisha picha yenye ukungu, kisha picha yenyewe. Sababu ni kwamba faili ya RAW si picha bado. Ni vipimo vya mwanga ambavyo programu lazima ivipike ndipo jicho lipate kitu cha kuona. Photo Mechanic, inayopendwa na wapiga picha wa magazeti na michezo, hukwepa mapishi hayo kwa kuonyesha ile JPEG ndogo ambayo kamera yenyewe huificha ndani ya faili. Ni ya haraka ajabu. Ila kasi si tatizo letu. Tayari tuna kasi kupita kiasi.

Fanya hesabu. Filamu ya zamani ilikuwa na picha 36. Picha elfu tatu ni filamu 83 na zaidi, na hakuna studio ya mjini Meru ambayo ingezipigia ruracio moja. Ukiipa kila picha sekunde mbili, umemaliza kwa saa moja na dakika arobaini. Sasa linganisha na ile picha ya Field Marshal Musa Mwariama, Mmeru aliyekaa msituni mpaka uhuru ukaja, akiwa na Jomo Kenyatta mwaka wa 1963, nywele zake ndefu zimesokotana. Watu wa huku wameitazama picha hiyo kwa miaka sitini na bado wanaijadili. Ya Runyenjes tunazipiga kwa maelfu, na nyingi kati yake zitatazamwa na mtu mmoja tu duniani, mara moja, kwa muda wa kupepesa macho mara mbili. Mara nyingi mtu huyo ni mimi, na ninalipwa kwa sherehe, si kwa saa.

Hapo ndipo kasoro ya Lightroom inapoanza kuuma. Tangu ilipotoka mwaka wa 2007 imetupa njia nyingi za kupanga, kuna nyota, kuna rangi, lakini sarufi yake ya haraka ni herufi mbili. P ni kuchagua. X ni kukataa. Ukiikataa picha, inafifia palepale kwenye gridi, inakuwa kama mtu aliyeambiwa atoke chumbani na bado amesimama mlangoni. Kisha kuna amri moja inayofuta zote zilizokataliwa kwa mpigo. Programu inakuuliza kwanza kama unataka kuzitoa kwenye orodha tu au kwenye diski kabisa, na mtu aliyechoka saa nane usiku, diski imejaa, unajua atajibu nini. Faili moja ya RAW ikiwa megabaiti 25, sherehe ya picha elfu tatu ni gigabaiti 75. Kufuta kunaokoa pesa. Simlaumu mpiga picha yeyote.

Ninachokilaumu ni kigezo. Herufi mbili zinakulazimisha uulize swali moja: hii ni nzuri au si nzuri? Na "nzuri" tumeambiwa maana yake. Iwe kali, mwenye sherehe awe katikati, macho yawe wazi. Kigezo hicho hakiulizi ni nani aliyemo.

Siku hizi wengine hawabonyezi hata hizo herufi. Kuna programu za akili unde zinazochuja zenyewe: zinatambua picha zenye ukungu, zinazofanana, na zenye macho yaliyofumbwa, zinakuwekea pembeni wakati unakunywa chai. Sasa niambie, ni sherehe gani ya Embu au Meru isiyo na sala? Kuna sala ya kufungua, sala ya chakula, sala ya kufunga, na katikati mzee anasimama kubariki na umati mzima unafumba macho. Kwa mashine hiyo, dakika ambayo watu wote walikuwa kitu kimoja ni rundo la picha mbovu. Mipangilio inaweza kubadilishwa, ndiyo, lakini ibadilishwe na nani, na nani atakumbuka?

Mwaka jana mpiga picha mmoja wa Embu alinitumia diski ya ruracio ya miezi mitano nyuma. Picha zilikuwa zimeshatolewa, kazi ilikuwa imelipwa. Kuna mama alikuwa amempigia simu akilia. Mama yake amefariki, wanaandaa kijitabu cha mazishi, na picha pekee ya karibuni waliyo nayo ni ya kitambulisho. Alikumbuka kwamba marehemu alikuwa amekwenda kusaidia kupika kwenye ile ruracio. Mpiga picha aliniunganisha naye.

"Aki kijana wangu, hata kama ni ya mgongo," aliniambia. "Tafuta tu."

"Sawa mama. Alikuwa amevaa nini?"

"Leso ya manjano. Na ile sweta ya kijivu, hakuwa anaivua."

Kwenye picha zilizotolewa hakuwemo. Nikafungua zilizokataliwa, zilizochujwa na mashine kabla sijaziona, ambazo kwa bahati hazikuwa zimefutwa. Nikateremka picha elfu mbili na mia sita, polepole, nikitazama nyuma ya watu na si watu wenyewe. Ni kusoma kwa namna nyingine kabisa. Unaanza kuwajua walio pembeni: kijana wa viti, msichana anayenawisha watu mikono, mzee aliyelala kwenye gari. Nilimpata mara tatu. Moja ilikuwa na ukungu. Ya pili alikuwa ameinama, ni mgongo tu. Ya tatu ilikuwa sala ya chakula: amesimama kando ya sufuria, mwiko mkononi, macho yamefumbwa, moshi umempitia usoni, na nuru ya saa saba inapenya kwenye turubai. Kama ningekuwa mhariri wa jarida la picha ningeiweka kwenye jalada. Familia iliiweka kwenye ukurasa wa kwanza wa kijitabu.

Tangu hapo nimehamia digiKam kwa hatua ya kwanza ya kuchuja. Ni ya bure, si ya kupendeza sana kuitazama, na ikilishwa folda kubwa kwenye mashine yangu inajikokota. Lakini wenyewe walifikiri jambo moja ambalo Lightroom haikulifikiri: bendera zake ni tatu. Kuna iliyokataliwa, kuna iliyokubaliwa, na katikati kuna inayosubiri. Kwenye Lightroom picha isiyo na bendera ni picha ambayo hujasema lolote juu yake. Huwezi kujua kama uliitazama au uliipita. Inayosubiri ni kauli. Inasema nimekuona, sijui nikuweke wapi, usiondoke.

Na kuna sehemu ya maelezo, ambayo programu zote wanayo na karibu hakuna anayeijaza huku kwetu. Faili inajua lenzi, kasi ya shata, sekunde kamili. Haijui jina la mtu. Mwaka wa 1925 ofisa wa kikoloni aliyetawala sehemu hizi, G. Orde Browne, alichapisha kitabu kuhusu watu wa miteremko ya kusini-mashariki ya Mlima Kenya, akakiita The Vanishing Tribes of Kenya. Makabila yanayotoweka! Hatukutoweka, tuko folda ya tatu. Lakini vitabu vya enzi ile vilikuwa na desturi ya kumwonyesha mtu kama mfano wa kabila lake, bila jina, na sisi wenye picha elfu tatu kila wikendi tunafanya vilevile kwa uvivu tu.

Kwa ile ruracio nilimpigia tena yule mama baada ya mazishi. Tulikaa kwenye simu karibu saa nzima, mimi nikimtumia picha zinazosubiri kwa WhatsApp, yeye akinitajia majina, nami nikiyaandika kwenye maelezo, moja baada ya jingine. Kijana wa viti ana jina sasa. Aliyelala kwenye gari ni baba mdogo wake. Amebaki mmoja ambaye hakuna anayemjua pale nyumbani, wala jirani, wala upande wa bwana harusi. Nimeandika: mwanamke mwenye kitambaa cha kijani, amebeba maji, saa nne na dakika kumi na mbili.