Buluu ya Dada: Vazi na Udugu katika The Proudest Blue

Kitabu cha picha The Proudest Blue, kilichotungwa na Ibtihaj Muhammad akishirikiana na S. K. Ali na kuchorwa na Hatem Aly, kilitoka Marekani mwaka 2019. Kisa chake ni chepesi. Asiya anaanza darasa la sita akiwa amevaa hijabu kwa mara ya kwanza. Ni ya buluu, aliyoichagua mwenyewe dukani ingawa mama alipendelea ya waridi. Anayetusimulia ni mdogo wake, Faizah.

Uamuzi wa kumpa mdogo usimulizi ndio uliokiokoa kitabu. Laiti Asiya angejisimulia, huenda hijabu ingegeuka hoja ya kutetewa. Machoni pa Faizah, aliyejipamba naye kwa begi jipya na viatu vinavyowaka taa, vazi hilo ni fahari ya nyumbani. Mtoto hulipima vazi kwa anayelivaa. Msomaji wa Kiswahili analitambua jambo hili upesi: kanga huuzwa kwa doti, vipande viwili, na kimoja huweza kwenda kwa ndugu au shoga, sare ya harusi humwonyesha kila mwenye macho nani ni wa nani. Kwetu nguo huuliza maswali mawili kwa pamoja: wewe ni nani, na wewe ni wa nani?

Pambo kubwa la kitabu ni tukio dogo. Mwanafunzi mwenzake anamnong'oneza Faizah, akitaka kujua dada yake amevaa nini kichwani. Faizah anajibu kwa mnong'ono kwamba ni mtandio. Kisha anarudia kwa sauti zaidi, safari hii akilitaja vazi kwa jina lake, hijabu. Utambulisho wake tunausikia ukikua katika kupanda kwa sauti, bila hotuba yoyote.

Udhaifu unaanza pale uadui unapoingia. Mvulana anatishia kukivuta hicho alichokiita kitambaa cha meza, na Aly anawachora wachokozi kama vivuli visivyo na nyuso. Nia yake inaeleweka: chuki isipewe sura ya kukumbukwa. Inalingana na wosia wa mama, kwamba maneno ya kuumiza yasibebwe, kwa kuwa ni mali ya aliyeyasema. Wosia ni mzuri. Hata hivyo, mtoto wetu aliyetaniwa London au Minneapolis anaijua sura ile vyema: ni ya mtoto anayeketi naye dawati moja, na kesho wataazimana penseli. Uso ukifutwa, uhusiano nao umefutwa. Ndiyo maana mchoro wa Faizah, wa mabinti wafalme wawili wenye hijabu wakila mandari kisiwani, unapendeza na kuhuzunisha: ni kisiwa, na waliopo ni wawili tu.

Inashangaza kwa sababu maisha ya Muhammad mwenyewe yana jibu pana zaidi. Katika michezo mingine ya utotoni, sare yake ilibidi iongezwe mikono mirefu. Aliingia katika mchezo wa vitara kwa kuwa sare yake huufunika mwili mzima. Hapo alifanana na wenzake bila kuacha chochote kilicho chake. Mwaka 2016 huko Rio, akiwa na hijabu, alipata medali ya shaba pamoja na timu ya Marekani. Anajua, basi, kwamba vazi laweza kumtofautisha mtoto na kumuunga na wenzake kwa wakati mmoja. Ujuzi huo haukuingia kitabuni.

Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri makalio, na buluu ya Asiya haikuazimwa. Kwa hilo pekee kitabu kinastahili kusomwa nyumbani. Ila mzazi afikapo kwenye kile kisiwa, asifunue ukurasa upesi. Amuulize mtoto wake ni nani mwingine angependa kumchora pale.